Akiba ya Nuru na Tadbiri ya Nyumba

*Inveta na betri zimeingia majumbani Unguja kwa kasi, na kila umeme wa shirika unapokatika hubainika kwamba wengi wamenunua mtambo kabla ya kujua namna ya kuutawala.*

Umeme ulipokatika magharibi moja katika nyumba ya Kiembesamaki, pembezoni mwa mji wa Unguja, hakuna aliyeshtuka. Feni ziliendelea kuzunguka, friji likaendelea kunguruma, na mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyechota katika kiinua mgongo chake akanunua inveta ya kilowati 3 na betri mbili za volti 12, ampea-saa 200 kila moja, akachungulia dirishani akawaona majirani wakihangaika na tochi za simu, akajiona kuwa amefanya jambo la akili.

Saa mbili hazikutimia, lile sanduku la ukutani likaanza kulia mlio mkali wa kukatakata, taa yake nyekundu ikawaka, na nyumba ikaingia kizani pamoja na mtaa mzima.

Asubuhi yake aliitwa fundi. "Bwana fundi, betri ulizonifungia mbovu," mwalimu alilalama kabla hata ya salamu kwisha. Fundi hakubishana naye, alipita chumba kwa chumba akisoma vibandiko nyuma ya vyombo, akiandika namba juu ya kipande cha boksi, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, jana usiku kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kinafanya kazi?"

Kilikuwa kinafanya.

Hesabu juu ya kipande cha boksi

Hesabu ile yaweza kufanywa na mtoto wa skuli, na ajabu ni kwamba wauzaji wengi hawaifanyi mbele ya mnunuzi. Betri mbili za namna ile zikiungwa pamoja huwa akiba ya wati-saa 4,800. Lakini kwa kuwa ni betri za risasi na asidi, ambazo zikikamuliwa kupita nusu mara kwa mara hufa kabla ya siku zake, mwenye hadhari huzihesabu kuwa 2,400 tu, na inveta ikishachukua ushuru wake wa kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba, kinachobaki ni kama 2,000.

Sasa tazama upande wa matumizi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hutaka takriban wati 900; friji likiwa linavuta, 150; feni mbili, 120; televisheni, 80; taa sita za LED za wati 9, 54. Jumla inapindukia 1,300, na akiba ya 2,000 mbele ya mzigo huo haiwezi kuvuka sana saa moja na nusu. Fauka ya hayo, betri ya risasi ina tabia moja isiyotangazwa dukani, nayo ni kwamba ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu ya inavyotoa ikikamuliwa taratibu.

Ondoa kiyoyozi peke yake. Friji halivuti mfululizo. Huwaka na kuzima, na wastani wake kwa saa ni wati 50 hivi, kwa hiyo ukilijumlisha pamoja na feni, televisheni, taa, na wati 20 za ruta na simu, nyumba itakuwa inakula wati 324, na akiba ileile iliyokwisha kabla ya saa mbili itafika saa sita. Na lau baada ya muda wa isha televisheni itazimwa, feni moja ipumzike na zibakie taa mbili, betri zilezile zitawafikisha watu alfajiri.

> Birika la wati 2,000 likichemka kwa dakika sita hula umeme ambao taa sita za LED zingeutumia kwa zaidi ya saa tatu na nusu.

Hapo hakuna betri iliyoongezwa wala shilingi iliyotoka. Kilichozidi ni tadbiri, na hilo ndilo neno ambalo makala haya yanalitetea: kwamba uzima wa akiba ya umeme nyumbani hutegemea zaidi mpango wa mwenye nyumba kuliko ukubwa wa mtambo wake, na kwamba mpango huo unawahusu pia watu walio nje ya ukuta wa nyumba yake.

Kisiwa na waya wa baharini

Zanzibar si mgeni wa umeme. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo ya Afrika Mashariki kuwekwa taa za umeme. Lakini umeme wa leo wa Unguja kwa sehemu kubwa huzalishwa ng'ambo: tangu mwaka 1980 kisiwa kimekuwa kikiupata kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba, masafa yasiyofika kilomita 40.

Udhaifu wa kutegemea waya mmoja ulidhihiri Mei 2008, hitilafu ilipokiacha kisiwa gizani kwa takriban mwezi mzima, na ukadhihiri tena kwa ukali zaidi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ambayo wakongwe na vijana wanaikumbuka sawasawa. Pampu za maji zilisimama, kwa hiyo ukame wa mferejini ukafuatana na kiza. Hoteli zikaishi kwa dizeli. Na jenereta ndogo za petroli zikatapakaa vichochoroni, zikinguruma kutoka magharibi mpaka watu walipolala.

Mwaka 2013 waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, uliogharimiwa na serikali ya Marekani kupitia mfuko wa Milenia, MCC, ulianza kutumika, na Pemba ilikuwa imekwisha kuungwa na gridi kutoka Tanga mwaka 2010. Hiyo ni neema, ila ni neema yenye sharti, kwa kuwa aliyeungwa na gridi hupata shida zake pia. Mgao uliolikumba taifa mwishoni mwa 2023 ulipungua tu baada ya mtambo wa mwanzo wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235 katika jumla ya 2,115 zilizopangwa, kuanza kuzalisha Februari 2024. Hata hivyo wingi wa umeme bwawani haumzuii mnazi kuangukia nyaya za mtaani wakati wa kusi, wala hauizuii chumvi ya bahari kuzila klempu za nguzoni.

Paneli juani, nyumba haina umeme

Lipo jambo linalowakera wengi waliofunga paneli bila betri. Umeme wa shirika unakatika saa sita ya mchana, jua liko utosini, paneli kumi zimeangaziwa barabara, na nyumba haina hata taa moja inayowaka. Mwenye nyumba hudhani ameibiwa.

Hakuibiwa. Inveta iliyotengenezwa kufanya kazi sambamba na gridi imeamrishwa na viwango vya kimataifa kujizima ndani ya sekunde chache mara gridi inapozimika, na sababu ya amri hiyo ni roho ya mtu aliyeko juu ya nguzo. Transfoma ya mtaani, ambayo kazi yake ni kuushusha umeme wa volti 11,000 mpaka 230 za nyumbani, haijui mbele wala nyuma. Ukiingizia 230 kwa upande wa nyumba, nayo huzipandisha kuwa 11,000 kwa upande wa nguzo. Fundi wa shirika aliyekwisha kuzima laini kituoni, akapanda ngazi akiamini kwamba waya umekufa, aweza kukutana na mauti yaliyotoka kwenye nyumba ya mtu mmoja.

> Transfoma haijui mbele wala nyuma: volti 230 zikiingia kwa upande wa nyumba, hutoka 11,000 kwa upande wa nguzo.

Inveta za kisasa zenye betri, zile ziitwazo haibridi, hujitenga zenyewe na gridi kisha zikaendelea kuilisha nyumba, almuradi zimefungwa sawasawa. Balaa hutoka kwa wanaofunga kienyeji: wanaounga jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, na wale ambao inveta yao imeunganishwa kwenye ubao mkuu wa umeme bila ya swichi ya kugeuzia, ile mafundi waiitayo chenji-ova, ambayo umbo lake lenyewe halikubali nyumba ishikane na gridi na akiba kwa wakati mmoja. Bei ya swichi hiyo ni ndogo mno mbele ya bei ya betri, nayo ndiyo ya kwanza kukatwa katika makadirio mteja anapoomba apunguziwe.

Amri iliyomo ndani ya sanduku

Ndani ya kila inveta mna orodha ya mipangilio ambayo aghalabu hubaki kama ilivyotoka kiwandani. La msingi humo ni zamu: nyumba ilishwe kwanza na nani? Unaweza kuiamrisha ianze na umeme wa shirika, betri ikae kungojea dharura. Au ianze na sola na kukamilishia kwa shirika. Au itumie sola, kisha betri, na shirika liwe la mwisho.

Amri hii ya tatu inapendwa sana kwa kuwa humpunguzia mtu kununua umeme wa mita yake ya TUKUZA, ile ya kulipia kabla. Tatizo lake ni kwamba betri hukamuliwa kila usiku, kuwe na dharura kusiwe, na siku umeme utakapokatika saa nne ya usiku utaikuta imekwisha. Anayetaka faida zote mbili hana budi kuweka mpaka, aiambie inveta irudi kwenye umeme wa shirika betri inapofika asilimia 50 au 60, na kilichobaki kiwe amana isiyoguswa ila katika kiza. Betri bila paneli haizalishi kitu. Ni tangi la maji, na aliyelimwaga kwa hiari yake mchana asilaumu bomba likikauka usiku.

Mpaka huo haufai kuwa mmoja mwaka mzima. Wakati wa masika, mawingu yanapotanda siku baada ya siku, paneli hutoa sehemu ndogo tu ya kile zilichokitoa kiangazi, na mwenye nyumba mwangalifu huuinua mpaka wa amana kabla mvua hazijashika. Katika kaskazi jua ni kali lakini joto nalo ni adui: betri ya risasi inayoishi katika nyuzi 35 badala ya 25 hupoteza karibu nusu ya umri wake. Wengine huziweka chini ya ngazi, mlango umefungwa, joto limejaa. Ilhali zinahitaji kivuli, upepo, na, kwa zile za kufunguliwa, maji yaliyotoneshwa yakiangaliwa kila mwezi. Mahali pa chumvi kama Unguja, ukungu wa kijani juu ya vichwa vya betri pekee waweza kuifanya betri nzima ionekane mbovu.

Jambo lingine ni kasi ya kuchaji. Umeme unaporudi, kila friji na kila pampu mtaani huanza kwa pamoja, na kila inveta iliyoachwa katika mpangilio wa kiwandani hudai ampea 60, ambazo katika mfumo wa volti 24 ni zaidi ya wati 1,400 kwa nyumba moja. Ndipo laini huzidiwa ikakatika tena, na watu wakalitukana shirika kwa kosa ambalo sehemu yake wao wenyewe wameifanya. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 yatosheka na ampea 20 hadi 30; kuipunguzia kasi huirefushia maisha, na mtaa nao hupumua.

Wanaotetea jenereta, wanaotetea sola

Wapo wasiotaka kusikia habari ya inveta, na hoja zao si za kudharauliwa. Jenereta ndogo, wasema, bei yake ya kuanzia ni nafuu. Huendesha pampu ya maji bila ya kulia. Na maadamu petroli ipo, haijui usiku wala mawingu. Kwa mpangaji ambaye hana haki ya kutoboa bati la mwenye nyumba, au kwa mkaazi wa Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na ambako mapaa hayabadilishwi sura kiholela, huenda ikawa ndiyo njia pekee.

Wa upande wa pili hujibu kwamba petroli hulipwa kila siku na jua halilipwi. Kwamba moshi wa jenereta una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo rangi wala harufu, ambayo yaweza kuua familia iliyolala kama mashine imewekwa barazani au ukumbini. Na kwamba betri za lithiamu, ambazo moja ya volti 51.2 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 5,120 na kukubali kutumiwa asilimia 80 bila ya kudhurika, huchajiwa na kukamuliwa maelfu ya mara pale za risasi hufika mamia tu. Bei ya lithiamu ni kubwa mara ya kwanza, lakini mwenye kununua za risasi kila baada ya miaka michache hatimaye hulipa zaidi.

Shirika la umeme lina hofu yake pia, ambayo haisemwi sana barazani. Wenye uwezo wakipunguza kununua umeme kwa sababu ya paneli zao, gharama ya nguzo, transfoma na mafundi haipungui. Huwaangukia waliobaki, ambao aghalabu ni wale wasio na fedha ya kununua hata betri moja. Kwa upande mwingine, nyumba zenye betri zilizopangwa vizuri zaweza kulipunguzia shirika mzigo saa za jioni, ambazo ndizo ngumu kuliko zote. Kenya ilitambua jambo hili katika Sheria ya Nishati ya 2019, na mwaka 2024 ikatoa kanuni za kumwezesha mteja kuhesabiwa umeme wa ziada anaourudisha kwenye gridi. Hapana shaka Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati ya Zanzibar, ZURA, nayo ina la kujifunza katika mashauri hayo.

Lakini kuwa na mtambo hakutoshi, hata kwa wakubwa. Kenya nzima ilipokosa umeme usiku wa Agosti 25, 2023, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta, na sehemu ya abiria iliingia gizani kwa sababu mojawapo haikuwaka ilipotakiwa, mpaka waziri wa uchukuzi akawaomba watu radhi hadharani. Likiwa hilo limewapata wenye wahandisi wa kuajiriwa, mwenye nyumba asiyejaribu betri zake hata mara moja kwa mwezi, kwa kuzima swichi kuu kwa hiari na kutazama zitadumu kiasi gani, ana udhuru gani?

> Akiba isiyojaribiwa ni dhana. Hujulikana kuwa ni akiba siku inapozimwa swichi kuu kwa makusudi.

Betri ikifa

Katika mazungumzo yote ya dukani, swali moja haliulizwi: betri ya risasi ikishakufa inakwenda wapi? Wachuuzi wa vyuma chakavu huinunua kwa uzani, na kwingine humwaga asidi yake mtaroni ili kuipunguza uzito. Watu wa mwambao tunao mfano wa karibu wa mwisho wa safari hiyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya risasi katika udongo na damu za wakaazi, watoto wakiwamo. Mwanamama Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi humo, aliongoza madai, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, shauri ambalo kisha lilipanda hadi mahakama za juu.

Kila betri ya aina hiyo inayoingia bandarini Malindi, Unguja, leo ni risasi itakayotafuta mahali pa kuzikwa baada ya miaka mitatu au minne. Muuzaji anayeuza betri mpya yapasa alazimishwe kuipokea ya zamani, na mnunuzi arudishiwe kitu kidogo ili asiitupe jaani.

La kufanya

Ufundi haukosekani. Kinyasini, Kaskazini Unguja, chuo cha Barefoot huwafunza kina mama wa vijijini, wengi wao wasiopata elimu kubwa ya skuli, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Na mwanamke aliyeweza kujifunza kutengeneza taa ya sola kwa mikono yake ataweza kumfundisha jirani kusoma kioo cha inveta. Kinachokosekana ni utaratibu: nyumba yenye inveta iandikishwe kwa shirika, ikaguliwe swichi yake ya kugeuzia kabla ya kuwashwa, na fundi aliyeifunga atie saini jina lake, ili likitokea la kutokea isisemwe kwamba ni amri ya Mungu tu.

Na ndani ya nyumba, kabla ya yote hayo, wenye nyumba wakae pamoja, mchana, umeme ukiwapo, wagawe vyombo vyao mafungu matatu: vya kubaki viwake daima, kama taa, friji lenye dawa na simu; vya kuzimwa muda wa isha; na vile ambavyo waya wake usifikishwe kabisa kwenye upande wa betri, yaani pasi, birika, kiyoyozi na pampu. Ugawaji huu ukifanywa ubaoni kwa waya na swichi hautegemei kumbukumbu ya mtoto wala ukali wa baba.

Mwalimu wa Kiembesamaki alikuwa amekwisha kuulizia bei ya betri ya tatu na ya nne. Anayetaka kufanya kama yeye na aanze na kipande cha boksi na kalamu; huenda akakuta kwamba fedha ileile yatosha kununua chenji-ova, kumlipa fundi mwenye leseni autenge ubao wake, na ikabaki ya kununulia feni inayokula wati nusu ya ile aliyonayo.